Mali bila daftari hupotea. Daftari nalo likiungua je?

USIKU wa Jumamosi, Julai 10, 2021, moto uliteketeza jengo la soko kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Siku zilizofuata mazungumzo yote yalihusu bidhaa zilizoungua na mitaji iliyopotea. Kulikuwa na hasara nyingine ambayo haikuonekana kwenye majivu. Mfanyabiashara aliyekuwa na mazoea ya kuacha daftari la madeni chini ya meza ya biashara alipoteza vitu viwili kwa mkupuo: mali iliyokuwamo ndani, na ushahidi wa mali iliyokuwa nje mikononi mwa wateja. Mali ya kwanza inaweza kununuliwa upya kwa mkopo. Ya pili haina duka inakouzwa.

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi wakulima na wafanyabiashara wadogo wamehimizwa kuandika mauzo, manunuzi na madeni, na wengi wameitikia. Wapo wanaoandika kwenye kaunta buku, wapo wanaotumia simu, na vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vingi sasa vina kompyuta. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: baada ya kuandika, kumbukumbu hizo zinalala wapi, na zikipotea leo usiku, kesho asubuhi kazi itaendeleaje?

Matukio matatu, mafunzo matatu

Moto wa Kariakoo ni fundisho la kwanza: kumbukumbu inayokaa mahali pamoja na mali huangamia pamoja na mali.

Fundisho la pili lilitoka mkoani Manyara. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliingia katika mji wa Katesh, yakaua watu wengi na kufukia nyumba na maduka. Hapo hata yule anayebeba daftari kwenda nalo nyumbani kila jioni hakuwa salama, maana nyumba na duka vilikuwa katika mji mmoja na vilikumbwa na janga moja.

Fundisho la tatu lilikuja bila moto wala maji. Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, za EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na huduma ya intaneti Tanzania na katika nchi nyingine za ukanda huu ikayumba kwa siku kadhaa. Aliyekuwa ameweka kila kitu mtandaoni, bila hata karatasi moja mezani, alijikuta hana pa kusoma deni la mteja aliyesimama mbele yake.

Ukiyaweka matukio haya pamoja, jambo moja linajitokeza. Hakuna hifadhi iliyo salama dhidi ya kila hatari. Karatasi haihitaji umeme wala vocha, lakini huungua, huloa na huliwa na mchwa. Simu hubebeka, lakini huibwa na kudumbukia kisimani. Kompyuta hupata virusi. Mtandao hauungui na duka, lakini hukatika na hutaka neno la siri ambalo watu husahau. Kwa hiyo mjadala wa kipi ni bora, karatasi au kompyuta, hauna tija. La msingi ni kwamba kila kumbukumbu muhimu iwe katika sehemu zaidi ya moja, na sehemu hizo zisiwe na adui mmoja.

Kumbukumbu ni fedha taslimu

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya kampuni kubwa. Hesabu zinaonyesha vinginevyo.

Katika viwango vya kodi kwa wafanyabiashara wadogo vilivyopitishwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni kwa mwaka ambaye hatunzi kumbukumbu alitakiwa kulipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi Sh4 milioni. Maana yake ni kwamba mwenye mauzo ya Sh5 milioni na daftari lililokamilika alilipa Sh30,000, wakati jirani yake mwenye mauzo yaleyale bila daftari alilipa zaidi ya mara tatu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu hizo zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Daftari lililoandikwa vizuri kisha likapotea mwaka wa pili halimsaidii mwenyewe ofisa wa kodi anapolitaka.

Kwa upande wa wakulima, msimu wa korosho wa 2018 unakumbukwa hadi leo mikoa ya kusini. Novemba mwaka huo, baada ya mvutano wa bei kwenye minada, Serikali ilitangaza kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo. Kabla ya malipo ulifanyika uhakiki, lengo likiwa kuwatenga wachuuzi wanaojulikana kama kangomba, na wakulima waliokuwa na mzigo mkubwa walitakiwa kuthibitisha kwamba mashamba yao kweli yanaweza kutoa kilo hizo. Katika hali kama hiyo, mwenye stakabadhi zake za misimu iliyopita ana la kuonyesha. Asiyekuwa nazo hubaki akitegemea maneno na huruma.

Tangu hapo taarifa za mkulima zimezidi kuhamia kwenye mifumo ya kompyuta iliyo mbali naye. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 8, 2022 jijini Mbeya, siku ya Nane Nane, inakwenda na usajili wa mkulima na ukubwa wa shamba lake. Vyama vya ushirika vinatumia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, kwa kifupi MUVU. Minada ya mazao kadhaa inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mifumo hii imepunguza mianya mingi ya wizi. Lakini pale ekari tano zinapoingizwa kuwa mbili, au tarakimu moja ya akaunti ya benki inapokosewa, anayepata hasara ni mkulima, na silaha yake pekee ni nakala aliyonayo nyumbani. Katika ubishi wa takwimu, asiye na nakala hana sauti.

Nakala tatu, aina mbili, moja mbali

Wataalamu wa kompyuta wana kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuikumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali. Kanuni hii haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji utaratibu.

Chukua mfano wa duka la pembejeo lenye wateja 60 wanaochukua mbegu na mbolea kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Kila mmoja akidaiwa wastani wa Sh40,000, jumla ni Sh2.4 milioni. Nakala ya kwanza ni kaunta buku lililopo dukani, ambalo mteja husaini kila anapochukua bidhaa. Nakala ya pili ni picha za kurasa za siku hiyo, zinazopigwa kwa simu kabla ya kufunga duka. Usiku simu inakwenda nyumbani, daftari linabaki. Nakala ya tatu ni picha hizohizo zilizopandishwa mtandaoni mara moja kwa wiki, au zilizowekwa kwenye flashi inayotunzwa na ndugu wa mji mwingine.

Hata kama flashi, madaftari na vifurushi vya intaneti vitagharimu Sh60,000 kwa mwaka mzima, hiyo ni asilimia 2.5 tu ya madeni yanayolindwa, sawa na deni la mteja mmoja na nusu.

Picha zenyewe zina masharti yake. Zipigwe mchana au chini ya taa yenye mwanga wa kutosha, ukurasa wote uonekane, na kila ukurasa uwe na namba na tarehe. Ziwekwe kwenye albamu yake, zisichanganywe na picha za harusi na za watoto, kwa sababu simu ikijaa mtu hufuta bila kuangalia. Mwenye kompyuta au anayeweza kutumia jedwali kwenye simu atapata nafuu zaidi, kwani jedwali la mauzo ya mwezi mzima la duka dogo kwa kawaida ni jepesi kuliko picha moja ya kawaida, hivyo kulipandisha mtandaoni hakumalizi kifurushi.

Risiti za mashine za EFD zinahitaji uangalizi wa pekee. Karatasi yake huandikwa kwa joto, na maandishi yake huharibika kirahisi. Risiti iliyoachwa juani, karibu na jiko au kwenye mfuko wa plastiki kwa miezi kadhaa huweza kuwa haisomeki. Anayetegemea risiti hizo kuthibitisha gharama zake aitoe kopi au aipige picha siku ileile aliyoipokea.

Kupatanisha si kuhifadhi

Kuna kosa moja linalowakuta hata wale wanaojiona wamejipanga. Programu nyingi za simu hupatanisha mafaili ya kwenye simu na ya mtandaoni. Mwenye simu huamini ana nakala mbili. Lakini faili likifutwa kwenye simu kwa bahati mbaya, mara nyingi hufutika na kule mtandaoni, na likiharibiwa huku, kule nako hupelekwa lililoharibika. Hizo si nakala mbili bali ni nakala moja inayoonekana sehemu mbili.

Hali ni hiyohiyo kwa flashi inayoachwa imechomekwa kwenye kompyuta mwezi mzima. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta, flashi nayo haiponi. Vipo virusi vinavyofunga mafaili yote na kumtaka mwenyewe alipe fedha ili afunguliwe. Dawa yake ni flashi au diski ya nje inayochomekwa, kunakiliwa, kuchomolewa na kufungiwa kabatini. Vifaa viwili vinavyobadilishana zamu, kimoja wiki hii na kingine wiki ijayo, ni bora kuliko kimoja kikubwa. Aidha, flashi ni chombo cha kusafirishia zaidi kuliko cha kutunzia miaka mingi. Huweza kufa bila kutoa dalili, hivyo si busara kuitegemea peke yake kwa kumbukumbu za miaka mitano.

Nidhamu ya kuyapa mafaili majina nayo ina nafasi yake. Faili linaloitwa "mauzo mapya" litafuatiwa na "mauzo mapya kabisa" na baadaye "mauzo ya mwisho", na mwaka ukiisha hakuna anayejua lipi ni lipi. Jina likianza na mwaka na mwezi, kwa mfano 2025-06-mauzo, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Mwezi ukifungwa, faili lake lihifadhiwe katika muundo usiobadilishwa kirahisi, kama PDF, na marekebisho yaandikwe katika mwezi unaofuata yakiwa na maelezo, kama ambavyo karani mwaminifu hupiga mstari mmoja juu ya kosa na kusaini badala ya kufuta kwa wino mweupe.

Ufunguo usiwe wa mtu mmoja

Kwenye vyama vya ushirika, hatari kubwa mara nyingi si moto wala kirusi. Ni mtu mmoja kuwa ndiye pekee anayejua kila kitu. Orodha ya wanachama imo kwenye kompyuta ya mkononi ya karani, ambayo ni mali yake binafsi. Barua pepe ya chama imefunguliwa kwa namba ya simu ya katibu. Bodi ikibadilishwa, karani akihama au katibu akifariki, chama hubaki nje ya mlango wa taarifa zake chenyewe.

Hali hiyo inazuilika. Barua pepe na hifadhi ya mtandaoni zifunguliwe kwa jina la chama, kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa chama na inayotumika mara kwa mara, kwa kuwa laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa na viongozi wawili, na bahasha iwekwe kwenye kasiki. Likibadilishwa, bahasha nayo ibadilishwe. Makabidhiano ya uongozi yawe na orodha ya maandishi: leja ngapi, vitabu vya stakabadhi kutoka namba gani hadi gani, vifaa gani, na akaunti zipi za mtandaoni.

Kwenye mizani, kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni bado hakijapata mpinzani. Nakala moja kwa mkulima, moja kwa chama na moja kusafiri na mzigo kwenda ghala kuu, zote zikiandikwa kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja, ni vigumu kuzichezea bila kugundulika. Utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ni ya mwaka 2005 na ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, umesimama juu ya karatasi hiyo ndogo. Mkulima asiondoke kwenye mizani kabla hajasoma jina lake, kilo na namba ya akaunti, na akifika nyumbani aipige picha.

Sheria imebadilika

Zamani orodha ya wanachama ilikuwa suala la ndani la chama. Sasa sivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 2024. Kenya ilitunga sheria ya aina hiyo mwaka 2019. Kwa lugha nyepesi, anayekusanya majina, namba za simu, namba za vitambulisho au akaunti za watu anapaswa kuzitumia kwa kazi aliyozikusanyia tu, kuzilinda, na kutozigawa ovyo.

Hivyo mazoea ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp orodha nzima ya malipo, ikiwa na majina, akaunti na kiasi cha kila mmoja, yana hatari mbili. Kwanza yanakwenda kinyume na sheria hiyo. Pili yanawapa matapeli wanaopiga simu za "tuma kwenye namba hii" kila wanachohitaji. Kila mwanachama apewe taarifa yake mwenyewe. Vyama na wafanyabiashara wanaotunza taarifa za watu wengi waulize Tume hiyo kuhusu wajibu wao wa kujisajili, badala ya kusubiri kuulizwa.

Sheria hiyo pia inakumbusha kwamba kuhifadhi si kulundika. Kumbukumbu za kodi zikitimiza muda wake, na ukaguzi ukawa umekamilika, zile zisizo na kazi zichomwe au zichanwe, na mafaili yafutwe kwenye kila nakala. Simu au kompyuta ya zamani isiuzwe kabla taarifa za wateja hazijaondolewa. Hati za ardhi, mikataba na rejista ya wanachama ni za kudumu na hazimo katika hesabu hiyo.

Siku ya majaribio

Yote haya yanaweza kufanyika na bado mtu akaumbuka siku ya dhiki, ikiwa hajawahi kujaribu. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, mwenye duka alifungie daftari lake kabatini, achague mteja mmoja, na ajaribu kupata deni lake kwa kutumia nakala peke yake. Je, picha zinasomeka? Neno la siri linakumbukwa? Faili linafunguka kwenye simu nyingine? Ilichukua muda gani? Chama cha ushirika kifanye vivyo hivyo kwa mkulima mmoja na kilo zake za msimu uliopita, mbele ya mjumbe wa bodi ambaye si karani.

Majaribio ya kwanza mara nyingi hushindwa, na ni heri yashindwe siku ambayo daftari bado lipo kabatini. Kasoro zitakazoonekana ndizo za kurekebishwa kwanza, kabla ya kununua kompyuta mpya au programu ya gharama. Kompyuta haisafishi hesabu chafu, huziharakisha tu.

Mwenye kuanza na asiye na uwezo mkubwa anaweza kuanza na mambo matatu wiki hii: kuweka namba kwenye kurasa za daftari, kupiga picha kurasa za madeni kila jioni, na kupeleka nakala moja nje ya mji anakofanyia biashara. Ni vyema kazi hiyo ifanyike kabla ya msimu kufunguliwa, kwa kuwa mizani ikishaanza kupima na wateja wakishapanga foleni hakuna atakayepata nafasi ya kukumbuka.